Rangi ya nane ya upinde, kwa macho ya Kigoma

Sisi wa Kigoma upinde wa mvua unatupangia saa. Wa asubuhi unatokea ziwani, upande wa Kongo, maana jua linachomoza nyuma yetu, kule milimani. Wa jioni unageuka: jua liko juu ya Kongo linajiandaa kuzama, upinde unasimama huku nchi kavu, nyuma ya mtaa wa Mwanga. Saa sita mchana usijisumbue kuutafuta. Jua likishapanda zaidi ya nyuzi 42, upinde wote unakuwa umezama chini ya upeo wa macho.

Leo ulikuwa wa asubuhi. Mvua inanyesha mbali huko majini, huku Kibirizi, ufukweni, kukavu kabisa. Nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la tatu na maswali hayamwishi. Akazihesabu rangi kwa kidole mpaka saba (alihesabu alivyofundishwa, kwa macho tu saba hazipatikani), kisha akanigeukia: "Shangazi, wakiongeza ya nane itakuwa ipi?"

Nikamwambia ya mawese. Akakataa, eti hiyo ni ya machungwa imekolea. Nikajaribu kahawia. Akakunja uso, na jioni hii nikiwa peke yangu naona alikuwa na haki: kahawia nayo ni rangi ya machungwa iliyotiwa giza, haina kiti chake kwenye upinde. Waridi pia haimo, maana ni nyekundu iliyochanganywa na nyeupe.

Kuongeza kwenyewe si dhambi. Mwanasayansi Newton mwanzoni alitaja rangi tano tu. Ya machungwa na nili alizitia baadaye, zipatikane saba kama sauti za muziki. Katikati ya upinde hakuna mistari, rangi moja inayeyukia katika nyingine, kwa hiyo ukitaka kuchomeka mpya hapo utakuwa unagawa upya tu kile kile kilichokuwepo. Mwaka 2025 nilisoma habari za watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliolenga leza kwenye chembe za ndani ya jicho, watu watano wakaona kijani-samawati iliyokolea kuliko yoyote waliyowahi kuiona. Wakaiita olo. Sawa, lakini hiyo huwezi kutoka nje ukaikuta angani.

Nafasi iko pembeni. Mwaka 1800 William Herschel alitandaza mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na joto likapanda. Mwaka uliofuata Johann Ritter akagundua miale mingine isiyoonekana, upande wa pili, kupita urujuani. Hiyo nyuki wanaiona, basi tuwaachie. Mimi naitaka ya Herschel. Na imo kwenye upinde kweli: mwaka 1971 Robert Greenler, Mmarekani, alichapisha picha zake, ukanda mzima uliokaa nje ya nyekundu.

Tangu asubuhi najaribu kuuona mji wetu kwa rangi hiyo. Majani mabichi huirudisha kwa wingi, maji huimeza. Kwa hiyo miembe ya Ujiji ingewaka katikati ya mabati yanayoizunguka. Michikichi mabondeni ingekuwa kama imewashwa kwa ndani, na shamba lililokauka ungelijua kutoka barabarani. Ziwa, ambalo ndilo tunalojivunia mbele ya wageni, lisingepata hata tone la rangi mpya. Lingebaki na bluu yake ya siku zote, limezungukwa na vilima vinavyong'aa. Nakiri hilo limeniuma kidogo. Simba na Yanga nao wangeigombania jezi, hilo sina shaka.

Jioni nilipitia mchangani kwa dada mmoja anayeanika dagaa. Alikuwa amepiga magoti anawageuza kwa viganja, wa juu wameshakuwa fedha kavu, wa chini bado wamegandamana na punje za mchanga. Nikamweleza habari yote. Akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo mdogo wangu, dagaa mwenye maji na aliyekauka watatofautiana rangi?"

"Watatofautiana, dada. Mwenye maji atakuwa mweusi zaidi."

"Hata akiwa katikati ya gunia?"

"Ukilimwaga, unawaona palepale."

Akaacha kugeuza. "Na mnunuzi naye ataiona?"

"Ataiona. Watu wote wataiona."

"Basi iache hukohuko iliko," akasema, akavuta fungu lingine.