Nilivyooanisha orodha za "lawaris" wa Punjab, na kwa nini nisingeanza tena na majina

Nilipokubali kusaidia kupanga kumbukumbu za Masingasinga waliopotezwa na polisi kule Punjab, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: kusanya majina kwanza, mengine yatajileta. Ushauri mbovu kabisa. Ulinila jioni za miezi minne. Kama nawe umeombwa kazi ya namna hii, ya Punjab au ya maiti za Mto Yala kule Kenya, nisikilize kabla hujafungua jedwali.

Kwa ufupi, kwa asiyeijua habari hii: tangu jeshi la India lilipovamia Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar, Juni 1984, hadi katikati ya miaka ya tisini, vijana wengi wa Kisinga walichukuliwa majumbani na mashambani wasirudi. Mwaka 1995 Jaswant Singh Khalra, mkurugenzi wa benki mjini Amritsar, akatoka na ushahidi ambao hakuna aliyeutarajia: rejista za kuni. Manispaa ilikuwa ikitoa kuni za kuchomea maiti wasio na wenyewe, yaani "lawaris", na karani, kama makarani wote duniani, aliandika tarehe, kiasi, na polisi aliyeleta mwili. Maiti mmoja huhitaji takriban kilo 300. Polisi waliziba midomo ya watu wakasahau kuziba hesabu ya kuni.

Khalra na wenzake walipeleka ombi Mahakama Kuu, likatupwa kwamba ni la jumla mno na walioleta hawana haki ya kisheria ya kulileta. Tarehe 6 Septemba 1995 akatekwa nje ya nyumba yake, akauawa. Polisi sita walitiwa hatiani kwa ajili yake mwaka 2005. Mkewe, Paramjit Kaur, ndiye aliyekwenda Mahakama ya Juu, na wapelelezi wa CBI, idara kuu ya upelelezi ya India, walipotumwa wakakuta maiti 2,097 waliochomwa kinyume cha sheria katika sehemu tatu tu: Durgiana Mandir, Patti na Tarn Taran. Kati ya hao 585 walitambuliwa kikamilifu, 274 nusunusu, na 1,238 hawakutambuliwa kabisa. Hao wa mwisho ndio kazi yenyewe: upande mmoja una mstari wa rejista usio na jina, upande wa pili una mama mwenye jina asiye na kaburi wala majivu.

Sasa majina. Nilikuwa na orodha mbili zilizoandikwa kwa herufi za Kilatini na programu ya kulinganisha matamshi, ile njia ya zamani iitwayo Soundex, nikaona nimemaliza kazi kabla ya chai. Kwanza nikafuta neno "Singh" kila mahali, maana kila mwanamume analo, litasaidia nini? Nikafuta na "Kaur". Nikajipongeza kwa usafi. Wiki mbili baadaye ndipo nikagundua kwamba majina ya Kisinga hayana jinsia: Gurpreet anaweza kuwa kaka au dada, na kinachokuambia ni hilohilo Singh au Kaur nililolifagia. Jedwali langu likawa na wanawake waliooanishwa na wanaume, na sikuwa nimebakiza nakala ya kwanza. Ndiyo, najua. Usinicheke, weka nakala.

Soundex yenyewe nayo ni mtego. Herufi moja ya Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi, huandikwa na karani mmoja kama "w", na mwingine kama "v". Soundex hailihesabu "w" lakini "v" inaipa namba, kwa hiyo Balwinder anakuwa B453 na Balvinder anakuwa B415, mtu mmoja ametengwa mara mbili. Kilichofanya kazi ni kunyoosha tahajia kabla ya kulinganisha: kila w iwe v, ph iwe f, ee iwe i, oo iwe u, na h inayofuata konsonanti iondoke. Hata hivyo jina likinyooshwa vizuri namna gani bado ni shahidi dhaifu. Jina la baba lina nguvu zaidi, na jina la kijiji lina nguvu kuliko yote mawili. Ila kijiji kiandikwe na kituo cha polisi, yaani thana, wala usitegemee wilaya. Tarn Taran ilikuwa sehemu ya wilaya ya Amritsar hadi 2006. Moga na Muktsar zimekuwa wilaya mwaka 1995. Ukitumia ramani ya leo kutafuta tukio la 1992, nusu ya vijiji vyako vitakuwa vimehama bila hata tofali kusogezwa.

Hapa Kiswahili kilinisaidia, na kiliniponza. Rejista huandika "lawaris", na Mswahili hahitaji mkalimani: la warithi, asiye na mwenyewe. Polisi huandika "fulani urf Kala", na "urf" ni ndugu wa "maarufu" yetu, kwa hiyo usifute kinachofuata ukidhani ni kosa la chapa. Jina la utani mara nyingi ndilo pekee ambalo jirani analikumbuka. (Kala ni jina la kawaida kule. La Kala Singh, mfanyabiashara wa Nairobi ya mwanzo, tumewabandika jamii nzima tukawaita Kalasinga.) Lakini "shahid" ilinitia aibu. Familia zilikuwa zikisema kijana wao "shahid ho gaya", nami kwenye safu ya mashahidi nikawa naweka tiki. Walikuwa wakisema ameuawa. Shahidi wa mahakamani kule huitwa "gawah". Nilikuwa nimewapa marehemu kumi na kitu jukumu la kutoa ushahidi wa vifo vyao wenyewe.

Kilichoniokoa ni tarehe, na tarehe nazo zilinipiga kwanza. Mzee wa kijijini hasemi Juni 15. Husema "kumi na tano Harh". Aliyetafsiri alijua kwamba Harh huangukia Juni, akaandika 15 Juni, nami nikapokea. Tatizo ni kwamba miezi ya Kipunjabi huanza katikati ya miezi yetu, siku iitwayo sangrand. Harh huanza karibu na katikati ya Juni, kwa hiyo 15 Harh ni mwisho wa Juni. Nilikuwa nimeweka kikomo cha siku saba za tofauti, na kila aliyepishana nayo nilimtupa. Nilitupa watu waliokuwa sahihi.

Baada ya hapo nikaacha kuuliza tarehe na kuanza kuuliza shamba. Ngano ilikuwa imesimama au imeshavunwa? Basi ni kabla au baada ya Aprili. Mpunga ulikuwa umeshapandikizwa? Juni au Julai. Ilikuwa kabla ya uchaguzi wa Februari 1992 au baada? Kabla ya sikukuu ya Lohri au baada, yaani 13 Januari? Maswali matatu ya hivyo humweka mtu ndani ya majuma mawili bila kumsukuma, na asiyesukumwa hakuzulii tarehe ili kukuridhisha. Andika maneno yake kama alivyoyasema kwenye safu moja, na tarehe uliyoikokotoa kwenye safu nyingine. Usizichanganye hata kidogo, maana ukikosea hesabu unaweza kurudi kwenye maneno. Ukiwa na namba tupu huna pa kurudi.

Halafu kuna sanduku. Kipunjabi nacho husema sanduk: la bati, chini ya kitanda au juu ya kabati. Mhojaji wako asiondoke kabla halijafunguliwa. Picha ya mtihani wa shule, kadi za bhog, yaani ibada ya kumalizia maombolezo, kipande cha gazeti, na kitu ambacho sasa nakitafuta kabla ya chochote: stakabadhi ya simu ya maandishi. Kijana alipochukuliwa, familia nyingi zilikimbilia posta kupeleka telegramu kwa gavana, waziri kiongozi au jaji mkuu: mwanetu amechukuliwa na polisi wa thana fulani, tunahofia watamuua. India ilifunga huduma ya telegramu mwaka 2013, lakini karatasi zile bado zipo, zina muhuri wa posta wenye siku.

Uzito wake unatokana na hadithi ya polisi. Hadithi hiyo huitwa "muqabla", makabiliano, na ukisoma ripoti kumi za kwanza za polisi, zile FIR, utadhani zimeandikwa na mtu mmoja aliyechoka. Mshukiwa anapelekwa usiku kuonyesha silaha zilikofichwa; wapiganaji wasiojulikana wanashambulia msafara; mshukiwa anakufa katikati ya risasi; washambuliaji wanatoweka gizani; polisi hawana hata mkwaruzo. Au hakuna mshukiwa kabisa, ni "mpiganaji asiyejulikana" tu.

Chukua mfano, nimeutunga ili nisimtaje mtu. Mama anasema walimchukua mwanawe mpunga ulipokuwa ukipandikizwa. Stakabadhi ya posta ni ya 21 Juni, inataja jina lake na thana. Gazeti la 29 linasema mpiganaji asiyejulikana ameuawa usiku wa 28 karibu na mfereji, eneo la thana hiyohiyo. Rejista ya kuni ina kilo 300 tarehe 29, lawaris mmoja, aliyeleta ni polisi wa thana hiyo. Hakuna jina linaloonekana kwenye karatasi zote. Lakini tarehe nne zimepangana zenyewe, na ile ya posta imetangulia: mtu "asiyejulikana" alikuwa ametajwa kwa jina siku saba kabla ya kuuawa, kwa wakubwa wa serikali, kwa pesa ya mama yake.

Ndiyo maana nasema usilinganishe tarehe ya kukamatwa na ya kuchomwa ukitaka zifanane. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Kanuni ni mpangilio: kuchukuliwa, kisha taarifa, kisha "makabiliano", kisha kuni. Katikati panaweza kuwa siku moja au majuma kadhaa. Tarehe ya kuni ikitangulia ya kuchukuliwa, huyo siye wako, hata jina likifanana herufi kwa herufi.

Usigawanye kilo kwa 300 ukatangaza idadi, pia. Kuna ushuhuda kwamba polisi walinunua kuni za mmoja au wawili wakarundika maiti zaidi juu yake. Hesabu ya kuni ni sakafu, dari huijui.

Mengine ni ya kawaida: piga picha ukurasa mzima wa rejista, pamoja na ule wa kabla na wa baada, namba ya kesi itumike badala ya jina kwenye kila faili la sauti, orodha ya kuunganisha namba na majina ikae kwenye kifaa kingine, kwa mtu mwingine, maana waliotajwa kwenye FIR wengine walipandishwa vyeo na jirani anayezungumza nawe bado anaishi nao kijiji kimoja. Flashi mbili na diski moja zilinitosha, elfu chache tu.

Na jedwali liwe na safu tatu za uhakika, yaani hakika, huenda, na haijulikani. Watu watakusukuma uhamishe wa "huenda" kwenda "hakika", hasa karibu na siku ya kutoa ripoti. Mimi nimeweka sharti kwamba bila karatasi mbili zisizotoka mkono mmoja, mstari haupandi. Kwa sasa wengi wangu wako "huenda", na juzi nimemshusha mmoja niliyekuwa nimempandisha, kwa sababu ya Harh.