Siku moja maishani mwangu: bwawa ni lile lile, nyumba ndizo zimesogea

Saa 11:30 alfajiri

Mufindi mwezi wa nne, giza la alfajiri huwa na ukungu ndani yake. Navaa gambuti na koti la mvua, najizungushia kitenge shingoni, nabaki kama gunia lililofungwa vibaya. Mume wangu anauliza swali lake la kila siku: kwani hayo maji hayawezi kusubiri kukuche? Nakunywa chai ya rangi kwa kiazi cha jana, nachukua tochi, naondoka.

Mimi ni mpimaji wa bwawa la umeme. Ni dogo, tuta la udongo kwenye mto mwembamba, umeme wake unaishia vijiji vichache na kiwanda kimoja cha chai. Jina lake nalihifadhi, maana humu kuna aibu yangu kidogo.

Saa 12:15

Kazi ya kwanza iko chini ya tuta, upande usio na maji. Huko kuna mfereji unaokusanya maji yanayopenya tutani. Watu hushtuka wakisikia bwawa linavuja. Mama, mabwawa ya udongo yote huvuja! La kuuliza ni kiasi gani, na maji yana rangi gani.

Kwenye mfereji kuna bati lililokatwa pengo la umbo la V, nyuzi 90, na rula pembeni yake. Sisi tunaliita vinochi. Maji yakisimama sentimita 5 juu ya ncha ya pengo, zinapita kama lita 0.77 kwa sekunde. Yakipanda hadi 6, ni lita 1.2. Sentimita moja tu, na mvujo umeongezeka zaidi ya nusu. Ndiyo maana nachuchumaa mpaka jicho liwe sawa na maji. Ukisoma rula umesimama, unaandika ya kwako.

Leo ni 5.4. Mvua imenyesha siku tatu, sishangai. Nafungua daftari niandike na hapo ndipo moyo unapiga pa! Kijana wangu aliyekuwa zamu wiki iliyopita ameandika 5.0, siku sita mfululizo. Siku sita za mvua, maji hayajapanda wala kushuka hata unywele mmoja.

Kabla ya hasira, chupa. Nina chupa ya kioo iliyokuwa ya jamu. Nachota maji ya mfereji, nayainua mbele ya tochi. Maangavu. Napumua. Maji maangavu yanapita tu. Maji ya tope yanaondoka na udongo, yaani tuta linaliwa kwa ndani huku kwa nje majani yamestawi.

Nilipofundishwa kazi hii nilisimuliwa habari ya Teton, bwawa la udongo huko Idaho, Marekani. Lilikuwa linajazwa maji kwa mara ya kwanza. Tarehe 5 Juni 1976 asubuhi, mafundi waliona maji ya tope yakitoka ukutani. Wakapeleka mabuldoza kuziba shimo, nayo yakamezwa. Saa sita kasoro dakika tatu mchana tuta likakatika. Watu 11 walikufa. Kutoka tope la asubuhi hadi mafuriko hata chakula cha mchana kilikuwa hakijaiva. Hiyo ndiyo sababu maji hayasubiri kukuche, baba watoto.

Saa 2 asubuhi

Natembea juu ya tuta kwenda na kurudi. Shimo jipya la fuko, moja. Mche wa msindano uliojiotea, nang'oa, maana mzizi ukifa na kuoza unaacha bomba la maji. Mbuzi wa jirani, nafukuza. Wanarudi.

Saa 4

Mkaguzi anafika na gari lenye matope hadi vioo. Anakagua utoro wa maji, yaani njia ya zege ya kupitishia maji yanayozidi, kwa muda mrefu kuliko kitu kingine, anaingia mwenyewe na nyundo, anagonga zege na kusikiliza. Kwa tuta la udongo utoro ndio roho: ukiziba kwa magogo, maji yakipita juu ya tuta, udongo hauna ubishi na maji.

Kisha anaomba daftari. Anafunua kurasa kimya, anafika kwenye zile siku sita.

"Dada, hii rula yenu iliganda?"

Ningeweza kusema ni kijana. Sikusema, kwa sababu kila jioni saini ya chini ni yangu, na nilisaini bila kusoma. Anaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilitamani fuko anionyeshe lile shimo lake.

Saa 9 alasiri

Hapa ndipo siku ilipokuwa ndefu. Wiki mbili nyuma mtu fulani alibandika karatasi kwenye ofisi ya kitongoji, bila maelezo: bwawa limewekwa daraja la juu la hatari. Kesho yake watu walianza kuhamisha mahindi. Leo mwenyekiti ameitisha mkutano.

"Mwanangu," mzee mmoja ananianza kabla sijajibiwa shikamoo, "mlijua tangu lini kwamba linabomoka?"

Nikaeleza hivi. Bwawa linaulizwa maswali mawili tofauti. La kwanza: lina hali gani? Hilo linajibiwa na nyufa, utoro, daftari langu. La pili: likivunjika, litaua nani? Hilo ndilo daraja la hatari, na linajibiwa na yaliyoko chini ya bwawa. Bwawa zima kabisa, lenye mji chini yake, ni daraja la juu. Bovu lililo porini bila mtu laweza kuwa la chini. Bwawa letu lilipojengwa, bondeni kulikuwa na bustani za mboga tu. Sasa hesabuni nyumba.

Wakahesabu kwa macho. Bibi mwenye kilabu cha ulanzi kando ya daraja la mto akainuka: "Kwa hiyo hatari ni mimi?"

Mkutano ulicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza. Lakini bibi alikuwa ameelewa kuliko wengi.

Nadhani tatizo ni mazoea yetu. Chukua Mtera, bwawa ambalo kila aliyetoka Iringa kwenda Dodoma kwa barabara amelipita juu ya ukuta wake. Tunajua mitambo yake ni megawati 80. Wengi wanaweza kukutajia kwamba likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na chini ya 690 mitambo huzimwa. Tunajua kwa sababu ya mgao wa umeme. Oktoba 2015 maji yalipungua hadi mitambo ya umeme wa maji nchini ikasimama. Tukisikia bwawa tunauliza kama maji yanatosha. Swali la nani anaishi chini yake hatukulizoea.

Tulikubaliana mambo ya miguuni: king'ora kikilia, usifuate barabara, kwa sababu barabara inafuata mto. Panda juu kwenye mashamba ya chai. Vijana wawili watapita kilabuni, maana walevi hawasikii king'ora. Kuhusu nani atawalipa waliojenga bondeni wakihama, watu waligombana, na mimi sikuwa na jibu. Wengine waliondoka wamenuna.

Saa 12 jioni

Nimemsubiri kijana vinochini. Amekuja mikono mfukoni, amekwisha kusikia.

"Shikamoo mama. Ile wiki mvua ilikuwa kali, na tochi haikuwa na betri."

"Marahaba. Ungeandika hivyo. 'Sikwenda.' Hilo ningeweza kulifanyia kazi."

Nikampa rula aisome. Akasoma amesimama, 5.2. Nikanyamaza. Akanitazama, akachuchumaa kwenye tope na suruali yake ya kutokea, shavu karibu liguse maji.

"5.5," akasema. Kisha, bila kuambiwa, akanyoosha mkono kuomba chupa.