Kumbukumbu ya mradi wangu: kasi ya sevu inaanzia miguuni

Mradi umesogea. Sevu yangu ya kwanza ya tenisi, yaani jaribio la kwanza kati ya mawili ya kuanzisha pointi, imepanda kutoka kilomita 111 hadi 121 kwa saa, na mkono haujaongezeka nguvu hata kidogo. Nimefurahi mno.

Kwanza kipimo. Simu inarekodi fremu 240 kwa sekunde, nami nahesabu tangu mpira uguse raketi hadi udunde. Napiga moja kwa moja katikati, karibu na mstari wa sevu (ukomo wa eneo la sevu ng'ambo ya wavu), safari ya kama mita 18.5. Zamani ilichukua fremu 144, sasa 132. Huo ni wastani wa njia nzima. Mpira hutoka kwenye raketi na kasi kubwa zaidi, kisha hewa ikaupunguza. Ndiyo maana haifai kuilinganisha na kilomita 253 za Mmarekani John Isner mwaka 2016, zilizopimwa kwa rada. Tena Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, kwa hiyo nalinganisha vipimo vya uwanja wangu wa hapa Kampala, Lugogo, na vya Lugogo tu.

Sasa kiini chenyewe. Kocha alinikazania magoti: “Kunja, halafu isukume ardhi.” Kwenye video inaonekana wazi. Mwili unapopaa, raketi inabaki nyuma na kichwa chake kinazama chini ya mgongo. Hapo inapata njia ndefu ya kuongeza mwendo kabla ya kukutana na mpira. Nyonga inazunguka, kiwiliwili kinafuata, kisha bega, kiwiko, na mwisho kifundo cha mkono. Ni kama kiboko cha mchungaji: mpini ukisimama, ncha ndiyo inayolia. Kila kiungo kikipunguza mwendo, kinachofuata kinaupokea.

Kilichonishangaza zaidi ni mkono wa kushoto, ule unaorusha mpira. Sasa naubakiza juu kwa muda, kisha naukunja tumboni kabla ya kupiga. Kifua kinasita, na papo hapo mkono wa kulia unafyatuka. Katika fremu zile za mwisho, mfupa wa juu wa mkono unajizungusha kwa ndani na kiganja kinageukia nje. Mzunguko huo ni miongoni mwa vitu vinavyochangia zaidi kasi ya raketi, na hautokei ukiwa umeukaba mshikio. Vidole vilegee.

Natua kwa mguu wa kushoto, ndani ya uwanja. Nikitua nyuma ya mstari wa mwisho wa uwanja najua bila kuangalia simu kwamba sikusukuma.

Mvua zimeanza na mipira inalowa, inakuwa mizito, kwa hiyo vipimo vinasimama kwanza. Nitafanya mazoezi ya kuvuta mkanda wa mpira kwa misuli ya nyuma ya bega, maana ndiyo inayofunga breki baada ya kila sevu, na kasi ikipanda inabeba mzigo zaidi. Uwanja ukikauka, zamu ya sevu ya pili.