"Hizo fedha umemlipa nani?"

Kila niliyemwomba ushauri kabla sijaingia kwenye uchambuzi wa fedha aliniambia lazima niwe kichwa cha hesabu. Nikala miezi mizima na kalkulasi. Leo nina mwaka wa sita kazini, na hesabu zangu ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, basi. Kalkulasi bado inanisubiri.

Usaili wa kwanza niliingia kifua mbele. Nikaulizwa: "Gharama ya uchakavu ikiongezeka kwa 10, kodi ikiwa asilimia 30, taarifa tatu za fedha, yaani faida na hasara, mtiririko wa fedha na mizania, zinabadilikaje?" Nikajibu haraka kwamba faida inashuka 10 na fedha taslimu zinashuka 10. Mama aliyekuwa akinisaili akavua miwani, akasema kwa upole, "Hizo fedha umemlipa nani, mwanangu?" Nikatafuta wa kumtaja, nikamkosa. Uchakavu ni thamani ya mali inayopungua kadiri inavyotumika, haulipwi mtu! Jibu lilinijia nimeshafika nyumbani. Faida baada ya kodi inashuka 7, maana kodi nayo inapungua 3. Ile 10 haikutoka mfukoni, kwa hiyo kwenye mtiririko wa fedha unairudisha, na taslimu zinapanda 3, yaani kodi uliyookoa. Kwenye mizania, ile taarifa inayolinganisha mali na madeni pamoja na mtaji, mali za kudumu zinapungua 10, taslimu zinaongezeka 3, na upande wa pili mtaji wa wenye kampuni unapungua 7. Pande zote sawa. Kazi, bila shaka, walimpa mwingine.

Baada ya aibu ile nilichukua ripoti za mwaka za kampuni moja, miaka mitano, nikaziingiza kwenye Excel kwa mkono, namba moja moja, kisha nikakadiria mitatu inayofuata. Anza kusoma na yale maelezo ya nyuma yenye herufi ndogo. Madeni na kesi hujificha huko. Na ukiona faida inapanda huku taslimu zikishuka, kawaangalie wadaiwa kwanza, yaani wateja waliouziwa lakini hawajalipa.

Mizania yangu ilikataa kulingana kwa 540. Nilikesha. Asubuhi mzee mmoja mhasibu alinicheka, akasema: gawa kwa mbili, utafute 270, huenda umeiandika upande usio wake. Haikuwepo. Basi gawa kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu mbili zilizopishana. 540 kwa 9 ni 60, safi kabisa, na kweli nilikuwa nimeandika 7,280 badala ya 7,820. Dakika tatu! Hila hii imenipa heshima kazini kuliko cheti chochote.

Kuhusu vyeti, CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi tatu, na kila moja inakula saa kama 300 za kusoma. Ada nayo si ya kuchezea. Nilifaulu ya kwanza nikaishia hapo. Anayetaka uwekezaji aendelee. Mimi niko kwenye bajeti, ambako nusu ya siku ni kusafisha takwimu na kuwafuata watu wanieleze kwa nini matumizi yao yamevuka makadirio. Wanakasirika. Zoea.

Kwenye Excel, namba ninazoingiza kwa mkono huzipa rangi ya bluu, fomula nyeusi. Bosi mmoja aliwahi kuandika namba yake juu ya fomula yangu, akaiacha nyeusi. Wiki mbili nzima tulishangilia mapato ambayo hayakuwepo.