Kaniita mwizi mtandaoni na hana jina, sasa nimshtaki nani?

Wacha nianze na ile skrinshoti maana ndiyo iliniharibia wiki nzima. Ilikuwa Jumatatu asubuhi niko dukani hapa Busia upande wa Uganda, napimia mteja mchele, simu ikalia, kumbe ni Mama Zai wa kikundi chetu cha akiba. Hata kusalimia hakusalimia. Katuma picha tu na chini kaandika "dada hii ni nini tena". Akaunti ya Facebook yenye picha ya maua na jina ambalo hata mtoto anajua si la mtu, imeandika kwamba mweka hazina wa kikundi (nikatajwa jina, duka, mpaka kona ya barabara lilipo) amekula milioni 4 za wanawake wenzake na sasa anajenga. Najenga nini jamani, choo? Choo chenyewe mabati yake nilikopa.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe, nilijibu. Niliingia kwenye komenti nikaandika vitu sitavirudia hapa kwa sababu mama mkwe anasoma blogu hii, na muda si mrefu posti ikajaa watu maana sasa ugomvi una pande mbili, na mji huu hakuna mtu anapita penye ugomvi bila kusimama.

Jioni ule ujumbe ukaanza kuzunguka WhatsApp kutoka namba ambayo hakuna anayeijua. Mimi nikajiona mjanja, nikaingia mobile money nikajifanya namtumia shilingi 500, kabla ya kuweka namba ya siri jina likatokea. Jina la mzee fulani. Nilikuwa nimeshaanza kuliandika kwenye grupu, kidole kiko juu ya kutuma, mume wangu akanipokonya simu. Na alifanya vizuri, maana wakili alinieleza baadaye kwamba laini inaweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine kabisa, labda mzee wa watu alisajili laini mara moja kwa ajenti na hajui ya pili ilitoka lini, so mimi ndiye ningekuwa nimemkashifu mtu asiye na hatia na yeye angekuwa na kesi safi kuliko yangu.

Huyo wakili nilimpata Tororo, kijana mpole, ofisi yake iko juu ya duka la vitenge. Hakuniuliza namshuku nani. Aliniuliza, "Mama, ile posti umeihifadhi vipi?" Nikamwonyesha skrinshoti ya Mama Zai, akatingisha kichwa. Alitaka linki yenyewe, tarehe na saa, na ile namba ndefu ambayo Facebook inaipa kila akaunti, kwa sababu jina mtu anabadilisha saa yoyote, leo ni Maua kesho ni Simba, namba inabaki ileile. Akataka pia mtu aliyesoma kwa macho yake na kuelewa kwamba anayesemwa ni mimi, na awe tayari kusimama kortini kusema hivyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inakubali ushahidi wa aina hii, ila wewe uliyeuleta ndiye unatakiwa uonyeshe haukuchezewa. Mama Zai akaambiwa asiuze ile simu yake. Alikuwa anataka kuiuza kweli.

Nilimwambia pia kuna kijana ana mtu wake kwenye kampuni ya simu, kwa laki mbili anatoa jina na picha ya mwenye laini. Wakili akacheka halafu akaacha kucheka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kutoa taarifa za mteja kienyeji namna hiyo ni kosa la jinai, kwa hiyo ningenunua jina ambalo siwezi kulipeleka kortini bila kueleza nimelitoa wapi.

Kaka yangu yeye alishikilia polisi. Ni kweli polisi wana meno ambayo mimi sina, kwa ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 afisa mpelelezi anaweza kuomba korti iamuru data ihifadhiwe isifutwe, na pia itolewe. Lakini upande wa jinai unayumba. Kile kifungu cha mawasiliano ya kuudhi ambacho watu walikuwa wanakamatiwa nacho, Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023, na yale marekebisho ya sheria hiyohiyo Rais Museveni aliyasaini Oktoba 2022 nayo yakapelekwa kortini kupingwa. Mimi binafsi sitaki mtu alale selo kwa sababu yangu, nataka aseme alidanganya na anilipe. Hiyo ni kesi ya madai, na kesi ya madai inataka jina la mtu wa kumshtaki.

Sasa hapa ndipo wakili alinifurahisha, alianza kunieleza habari za dawa ya kuku. Nikadhani amechoka. Kumbe kuna kampuni Uingereza inaitwa Norwich Pharmacal, ilikuwa na hataza, yaani haki ya kuwa peke yake kuitengeneza na kuiuza, juu ya furazolidone, dawa ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku, na watu wakawa wanaiingiza nchini bila ruhusa. Kampuni inaona mzigo unaingia, haijui nani anauleta. Anayejua ni forodha, maana fomu ziko kwake. Forodha haikuiba chochote, ila mwaka 1973 majaji wa juu kabisa wa kule wakasema ukijikuta umeingizwa katika ubaya wa mtu mwingine, hata kama huna hatia, una wajibu wa kumsaidia aliyeumizwa kwa kumtajia mhusika. Sisi watu wa Busia hiyo tunaielewa bila kufundishwa, mambo ya forodha ni uji wetu wa asubuhi. Weka Facebook mahali pa forodha na mwenye akaunti ya maua mahali pa mleta mzigo, umeipata. Korti zetu zimerithi sheria za kimazoea za Kiingereza, zile zinazojengwa na hukumu za majaji, kwa hiyo wakili anaweza kuipeleka hoja hii Mahakama Kuu dhidi ya mtu wa tatu aliyeshika jina.

Na Mganda ameshaijaribu Ulaya. Wengi tunaikumbuka akaunti ya Facebook ya Tom Voltaire Okwalinga, ile TVO iliyokuwa inaikosoa serikali bila mwenyewe kujulikana. Wakili wa Kampala, Fred Muwema, alisema imemwandika uongo, akaenda kuishtaki Facebook Dublin kwa sababu wakati huo watumiaji wa huku walikuwa chini ya kampuni ya Ireland. Mwaka 2016 jaji alikubali atajiwe mwenye akaunti. Facebook ikarudi kortini na ushahidi kwamba mtu huyo akijulikana anaweza kudhurika Uganda, ikizingatiwa kwamba 2015 Robert Shaka alikuwa ameshakamatwa na kushtakiwa akidaiwa ndiye TVO, mwenyewe akakana. Februari 2017 jaji yuleyule akakataa jina kutolewa, akaacha mlango mmoja: mwenye akaunti aambiwe afute, asipofuta Muwema anaweza kurudi kuomba tena. Na huyo Shaka ndiye mmoja wa waliopeleka kile kifungu cha mawasiliano ya kuudhi mbele ya Mahakama ya Katiba mpaka kikafutwa. Dunia ndogo.

Nikamuuliza wakili sasa mimi naenda Dublin? Hapana, 2018 Facebook iliwahamisha watumiaji wa Afrika kutoka Ireland kwenda masharti ya Marekani, so safari yangu ni California, yaliko makao yao. Kule kuna sheria ya federali inayomruhusu mtu mwenye kesi nchi nyingine, au anayejiandaa kwa dhati kuifungua, kuomba korti yao iamuru kampuni ilete taarifa. Lakini Wamarekani wanalinda sana haki ya mtu kusema bila kujitaja. Korti ya New Jersey ilisema 2001, kwenye kesi ya kampuni ya Dendrite, kwamba kwanza ujaribu kumjulisha huyo asiyejulikana, utaje maneno yenyewe neno kwa neno, na uonyeshe una kesi ya kweli sio hasira tu.

Tuseme umepita hayo yote. Utapewa nini? Sio jina. Utapewa imeili aliyofungulia, labda namba ya simu, na anwani za IP, yaani namba za mtandao aliopitia, na saa alizoingia. Na hapa kwetu Facebook imefungwa tangu Januari 2021, watu tunaingia kwa VPN, programu inayoficha uko wapi, kwa hiyo IP inaweza kukuonyesha Uholanzi na mtu mwenyewe yuko stendi anakula rolex, ile chapati ya mayai. Hata bila VPN, kwenye mitandao ya simu watu wengi wanagawana IP moja kwa wakati mmoja, kama hujui sekunde kamili huna kitu. Kilicho na thamani ni ile namba ya simu, na hiyo inadai oda nyingine tena ya korti, dhidi ya kampuni ya simu ya hapahapa, ili ufike kwenye usajili wa laini. Halafu unarudi pale kwa mzee wa mobile money.

Tukaamua tuanze na kitu rahisi. Wakili aliandika barua, akaituma inboksi ya akaunti ya maua: maneno yenyewe, kwa nini ni uongo, siku 14 za kufuta na kuomba radhi, la sivyo tunaomba oda. Ikaonyesha imesomwa saa tano usiku. Siku ya tisa posti ikapotea. Radhi hakuna. Wakili akauliza kama tuendelee na California, akanitajia makadirio kwa dola, nikamwomba maji ya kunywa.

Alhamisi iliyofuata nilipeleka daftari la kikundi kwenye mkutano pamoja na karatasi za benki, nikaweka katikati ya mkeka nikasema kila mtu ajumlishe mwenyewe kwa simu yake. Ilichukua masaa mawili, chai ikapoa. Wote walipata hesabu ileile isipokuwa mmoja ambaye hakujumlisha, alikuwa anaangalia nje muda wote. Simtaji. Wakili amenikataza, na zaidi ya hapo Mama Zai bado hajauza ile simu.