Betri za Gari-Nyumba: Nilivyoacha Kuongeza na Kuanza Kupima

Ushauri unaotolewa bure kuhusu betri za gari-nyumba, karibu wote, huishia kwenye neno moja: ongeza. Taa zikififia usiku, ongeza betri. Friji ikijizima alfajiri, ongeza betri. Na ukiuliza ya aina gani, utajibiwa kwamba kubwa ndiyo bora. Fundi niliyempelekea gari langu alikuwa wa madhehebu hayo hayo. Bila hata kutoa mita ya kupimia volti, aliunganisha betri mpya sambamba na mbili za zamani za asidi, akanihakikishia kwamba tatizo limekwisha. Halikuisha, wala halingeweza kuisha, kwa kuwa betri mpya iliyofungwa pamoja na zilizochoka hugeuka mbeba mizigo wao na kuchakaa kabla ya wakati wake. Niliifungua ile mpya, nikaiweka kando na kuanza kupima mwenyewe.

Betri hupimwa ikiwa imetulia, yaani imekaa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, ndiyo maana mimi hupima alfajiri kabla jua halijafika kwenye paneli. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.7, na ikifika 12.2 imebaki nusu. Zangu zilisoma 12.5, ilhali friji ilikuwa imekwisha kujizima usiku ule ule. Betri yenye kiasi hicho haijaisha. Basi umeme ulikuwa ukipotelea wapi?

Jibu nililipata kwa njia ambayo hadi leo najivunia. Niliwasha friji, feni, pampu ya maji na taa zote kwa pamoja, kisha nikagusisha ncha moja ya mita katikati ya nguzo ya risasi ya betri, na ncha nyingine kwenye kibano cha waya kilichoikumbatia nguzo hiyo hiyo. Vitu viwili vinavyobanana namna hiyo vinapaswa kusoma karibu sifuri. Mita ilisoma zaidi ya nusu volti! Nikafuata waya hatua kwa hatua, nikakuta kishikilia fyuzi nacho kinachukua fungu lake, na waya mwembamba unaokwenda kwenye friji unachukua lake. Friji ya kompresa hujizima pale volti zinazoifikia zinaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa ili kulinda betri, na haina namna ya kujua kwamba volti hizo zimeliwa njiani. Nilipofungua kibano, kwa ndani kilikuwa na ukoko mweupe wenye ukijani, mgumu kama chokaa. Niliumwagia maji ya moto yaliyochanganywa na soda ya kuokea, ukatoa povu kwa mlio, nikasugua kwa brashi hadi risasi ikang'aa, nikakaza na kupaka grisi. Waya wa friji niliubadilisha kwa mnene zaidi. Betri zilizotangazwa kufa ziliendelea kunihudumia kwa muda mrefu, zikidai tu maji yaliyokenekwa, ambayo huongezwa baada ya kuchaji na si kabla, kwani asidi hupanda betri inapojaa na inaweza kufurika.

Zilipochoka kweli ndipo nilipokaa na kalamu. Friji yangu hutumia takriban ampea 4 inapozunguka, na huzunguka karibu nusu ya siku, hivyo inakula kama ampea-saa 48 kwa siku (ampea-saa ni ampea mara saa za matumizi, yaani 4 mara 12) kabla ya taa na pampu. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, na ikiachwa tupu sahani zake hufunikwa na sulfati inayoganda. Kwa hiyo mia iliyoandikwa ubavuni ni hamsini kwa matumizi. Ya lithiamu, ile ya fosfati ya chuma, hukubali kutumiwa asilimia 80 au zaidi, na uzito wake ni kama kilo 12 dhidi ya karibu 30. Bei iliniuma, lakini hesabu ilikuwa upande wake.

Muuzaji alisema naichomeka tu mahali pa ile ya zamani. Sikumsikiliza. Lithiamu hupokea umeme kwa pupa kiasi cha kuweza kuiunguza alteneta, yaani jenereta ya injini inayochaji betri, hivyo nilifunga kati ya alteneta na betri chaja inayodhibiti ampea. Haifai kuchajiwa joto la betri likiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo anayesafiri kwenye baridi atafute yenye kinga hiyo ndani yake. Tena volti zake hubaki karibu palepale hadi inapokaribia kuisha, hivyo kuikadiria kwa volti ni kupiga ramli. Mimi nina kipimo kinachohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka.

Gari linapoegeshwa muda mrefu, betri ya asidi huachwa imejaa, ya lithiamu huachwa karibu nusu, na zote hukatwa kwenye mfumo. Kigunduzi cha gesi na redio vikivuta pamoja ampea 0.05 tu, kwa mwezi vimemaliza ampea-saa 36. Swichi yangu kuu iko kando ya mlango, na huizima ninaposhuka na begi la mwisho, kwa sababu kigunduzi cha gesi hakina wa kumwamsha katika gari lisilolala mtu.