Jinsi tulivyowapita mazimwi wawili

Kwa muda mrefu kundi letu la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons lilipigana kama watu waliopigiliwa misumari sakafuni. Adui akikusogelea, unabaki palepale mnabadilishana mapigo hadi mmoja aanguke. Kila mmoja wetu aliamini kwamba ukipiga hatua yoyote karibu na adui, unampa pigo la bure.

Imani hiyo ilikuwa na asili. Mwenzetu aliyetufundisha alianzia toleo la tatu, la mwaka 2000. Humo, ukitoka kwenye mraba wa ramani ambao adui anaufikia, anaruhusiwa kukupiga, hata kama unaingia mraba mwingine ambao pia anaufikia. Sisi tulikuwa tunacheza toleo la tano, la 2014, kwa hofu ya toleo la tatu.

Mambo yalibadilika siku tuliyokutana na mazimwi wawili kwenye ujia wenye upana wa miraba mitano. Kila zimwi huchukua miraba miwili kwa miwili, kwa hiyo katikati yao palibaki pengo la mraba mmoja tu. Nyuma yao mchawi wao alikuwa anakamilisha tambiko, na tulibakiwa na raundi moja. Kupita ndani ya nafasi ya zimwi lenyewe haikuwezekana: adui hupitika tu kama mmezidiana ukubwa kwa angalau ngazi mbili, na binadamu na zimwi wamepishana ngazi moja.

Niliomba muda nisome kanuni neno kwa neno. Pigo la fursa huja pale unapotoka nje ya ufikio wa adui anayekuona. Kuingia katika ufikio huo, au kuzunguka ukiwa bado ndani yake, hakugharimu kitu. Tena pigo hilo hutumia jibu la adui, yaani nafasi yake ya kujibu nje ya zamu yake, na kila kiumbe ana jibu moja tu hadi zamu yake inayofuata ianze. Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho mara tatu. Njia yetu ilikuwa hapo.

Ningeweza kujinasua, maana ukijinasua hupigwi hata kidogo, lakini hilo lingekula tendo langu pekee la zamu ile na nisingebaki na la kumpiga mchawi. Mimi nilivaa deraya nzito na ngao, kinga 20, yaani namba ambayo pigo lazima liifikie ili linipate. Zimwi huongeza 6 kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo lilihitaji 14 au zaidi ili linipate. Mchawi wa kike wa upande wetu alikuwa na kinga 12 na uhai 18. Kwake yeye 6 ilitosha, na rungu la zimwi huondoa wastani wa 13. Mapigo mawili yangemmaliza.

Ikabaki shida ya zamu: yake ilitangulia yangu. Nikamshauri, “Usiende sasa. Tumia tendo lako kujiweka tayari: yote mawili yakishanipiga, wewe ndiyo ukimbie.” Kanuni inaruhusu, kwani tendo la kujiweka tayari linaweza kuwa mwendo, nawe unaufanya kwa kutumia jibu lako.

Zamu yangu ikafika. Nikapita kwenye pengo, miraba miwili, nikatokea nyuma yao, bado kimya. Nilipopiga hatua iliyofuata, marungu yote mawili yakashuka. Dadu ya kwanza, 9. Ya pili, 16. Nikapoteza uhai 11 lakini nikabaki wima. Papo hapo mwenzangu akakimbia kwenye pengo lilelile na hakuna zimwi lililoweza kuinua mkono. Mimi nilikuwa bado na tendo langu, na mchawi wao alikuwa mbele yangu.

Tangu siku ile tunaweka kitufe kando ya kete ya kila adui aliyekwisha kutumia jibu lake, na zamu yake ikianza tunakiondoa. Sasa mezani watu hutazama vitufe kwanza, kisha ndipo wanapohesabu miraba.